Fishi ya mwaka, maongezi ya kila mwezi au maoni ya pande zote: asbl yako ipime kazi kwa njia gani?

Desemba moja nilikaa pembeni ya meza katika biro ya asbl moja ndogo, yaani shirika lisilo la faida, hapa Bukavu, upande wa Nguba, nikiwa na daftari la RH (la wafanyakazi) mkononi. Kordo, mratibu wa shirika, alikuwa amejaza fishi (fomu za tathmini) za watu kumi na wawili kwa usiku mmoja, na asubuhi ile alikuwa akiwaita mmoja mmoja watie sahihi. Akaingia shofere, mzee aliyekuwa akiendesha gari la shirika kwenye njia ya Kalehe hadi Minova tangu baadhi yetu tukiwa bado shuleni. Akapewa fishi yake. Penye kigezo cha "esprit d'initiative" palikuwa na 4 juu ya 5. Alisoma polepole, akavua miwani.

"Chefu, asante kwa hii nne. Sasa ile moja, niliipoteza siku gani?"

Kordo akacheka, nasi tukacheka. Jibu halikupatikana. Mzee akatia sahihi, akaitwa anayefuata.

Baada ya pale nimepita katika asbl nyingine mbili, na kila mwaka ukikaribia kwisha hakosi kordo wa kuniuliza jambo lile lile: tuendelee na fishi, au tuiache tuwe tunaongea na watu tu, au tufanye ile ya kila mtu kumpima mwenzake? Nimezifanya zote tatu, na zote zimewahi kunishinda mahali fulani. Nazilinganisha hapa kwa wenzangu wa mashirika ya kwetu, yale yenye watu kati ya watano na hamsini. Mashirika makubwa ya kimataifa yana vitengo vyao na programu zao, hayanihitaji.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni saa. Shirika dogo halinunui mfumo wa tathmini, linalipa kwa muda wa kordo na wasimamizi wake. Nitahesabu kwa asbl ya watu 12, nikikumbuka kwamba wiki ya kazi kwa sheria yetu haizidi saa 45.

Cha pili ni ukweli: je, mtu anaweza kusema "hapa sijui" bila kuhofia kontra yake, yaani mkataba wake wa kazi? Hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na si mimi niliyekigundua. Mwaka 1965 Herbert Meyer na wenzake wawili walichapisha walichokiona katika kampuni ya General Electric ya Marekani. Wafanyakazi waliokosolewa kwenye kikao cha tathmini walijitetea, na kazi yao haikuboreka pale walipokosolewa zaidi. Ushauri wao ulikuwa kutenganisha vikao: cha mshahara mbali, cha kujifunza mbali. Kwetu ambako mshahara mmoja unalisha nyumba mbili tatu, sababu ya kutenganisha ni kubwa zaidi.

Cha tatu ni karatasi. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, inasema kwenye kifungu cha 62 kwamba mwenye kontra isiyo na mwisho hawezi kuachishwa bila sababu halali: uwezo wake, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya shirika lenyewe. Uwezo unathibitishwa kwa maandishi. Wafadhili nao wakija kukagua hufungua faili za wafanyakazi, na misingi ya CHS (kanuni za kimataifa za kazi ya misaada), ambayo mashirika mengi ya misaada yameikubali, ina ahadi tisa; ya nane ni juu ya wafanyakazi na jinsi wanavyotendewa.

Cha nne ni kukua: baada ya tathmini, mtu anajua nini asichokijua jana?

Kando ya vigezo hivyo kuna kalenda ya kontra. Tathmini tunazoziiga zilibuniwa kwa watu wa kazi ya kudumu. Watu wetu wengi wako kwenye kontra za mradi, miezi sita, tisa, kumi. Fishi ya Desemba haimkuti aliyefungiwa mradi Septemba, na yule aliyeanza Novemba inampima kwa kazi ambayo hajaifanya. Zikumbuke hizo tarehe unapoendelea kusoma.

Njia ya kwanza: fishi ya mwaka yenye alama

Tunaifahamu. Msimamizi anajaza, mfanyakazi anasoma, wote wanatia sahihi, inaingia kwenye faili. Wazo la kukubaliana malengo mwanzoni na kuyapima mwishoni lilipata umaarufu kupitia Peter Drucker mwaka 1954. Lakini nadhani kwetu mzizi ni wa karibu zaidi: ni bulteni ya shule. Mtu aliyekua na bulteni akiona 4 juu ya 5 anasoma pursa (asilimia) 80, amefaulu, aende nyumbani. Haulizi kitu. Yule mzee wa gari aliuliza kwa sababu, nadhani, alikuwa na miaka mingi tangu aache shule.

*Saa.* Ni rahisi. Saa mbili za kujaza na saa moja ya kuongea kwa kila mtu, jumla 36, hazifiki hata wiki moja ya kazi. Tabu ni kwamba zote zinaangukia mwezi mmoja, mwezi ule ule wa ripoti za wafadhili. Ndiyo maana zinajazwa usiku.

*Ukweli.* Hapa ni dhaifu. Alama na kontra vinakaa kwenye karatasi moja, basi nani ataandika udhaifu wake mwenyewe? Tena alama inasema mengi juu ya anayeitoa. Scullen, Mount na Goff walichambua alama walizopewa mameneja zaidi ya 4,000, wakachapisha mwaka 2000: zaidi ya nusu ya tofauti za alama zilitokana na mkono wa mpimaji, si na kazi ya mpimwaji. Hili tunalijua bila utafiti. Kuna msimamizi asiyetoa 5 kwa yeyote kwa sababu 5 ni ya Mungu, na kuna anayewapa wote 4 ili arudi kwake kwa amani.

Amani hiyo ina bei. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Februari mji wetu ukaingia mikononi mwa kundi lenye silaha la M23, benki zikafunga. Mashirika yalilazimika kuamua nani abaki kwa vijipesa vilivyosalia. Nilifungua kabati moja wakati huo kutafuta msaada kwenye fishi za miaka miwili. Nne, nne, nne. Kabati zima halikuweza kutuambia lolote ambalo hatukulijua, na watu walichaguliwa kwa namna ambayo hadi leo wengine hawasalimiani.

*Karatasi.* Hapa ndipo fishi inapozishinda nyingine. Ina tarehe, ina sahihi, inaeleweka kwa mkaguzi yeyote. Ila karatasi inakata pande zote mbili. Ukimwachisha mtu kwa kukosa uwezo wakati faili yake ina nne za miaka mitatu mfululizo, utakachoulizwa na inspekta wa kazi ndicho alichouliza mzee wa gari: niliipoteza siku gani?

*Kukua.* Chini kabisa ya fishi huwa kuna kisanduku cha mahitaji ya formasio (mafunzo). Nimesoma mamia. Jibu ni moja: Kiingereza na kompyuta. Mlinzi anaandika hivyo, mhasibu anaandika hivyo, hata mtu wa kompyuta anaandika Kiingereza.

Ukiamua kubaki na fishi, irekebishe sehemu mbili. Kwanza, eleza kila alama kwa tendo linaloonekana. Kwa shofere, badala ya "esprit d'initiative", andika hivi: 5 ni yule anayejaza kitabu cha safari kila siku, anayepima oili na maji kabla ya kuondoka, anayepiga simu akifika Nyabibwe bila kukumbushwa, 3 ni yule anayefanya hivyo akiambiwa, 1 ni yule anayebeba abiria wa njiani na shirika linajulia kwa watu. Namna hii ya kueleza alama kwa matendo ni ya tangu 1963, na haina gharama zaidi ya alasiri moja ya kukaa na mashofere wenyewe. Waulize wao. Watakutajia mambo ambayo hukuyafikiria.

Pili, kiseme kila kigezo kwa Kiswahili kwanza. Fishi inaandikwa Kifaransa kwa sababu ya wafadhili, sawa, lakini mlinzi wa usiku na mama wa usafi wanapimwa kwa maneno wasiyoyatumia. Kama huwezi kumwambia mlinzi kwa Kiswahili cha hapa hapa unampima nini, kifute. Siku tulipojaribu, "esprit d'initiative" ikawa "kufanya jambo bila kungoja kutumwa", na papo hapo mtu akauliza: mlinzi akifungua geti bila kutumwa, tumpe 5 au tumfukuze? Kigezo kikafutwa kwa walinzi.

*Inamfaa nani.* Shirika lenye watu zaidi ya ishirini, wasimamizi zaidi ya watatu, na angalau nusu ya watu wenye kontra za mwaka au zaidi. Pia shirika linalojiandaa kukaguliwa na mfadhili mpya.

Njia ya pili: maongezi ya kila mwezi

Msimamizi na mtu wake wanakaa nusu saa, bila alama. Maswali ni yale yale kila mara: nini kimekwenda vizuri, nini kimekukwamisha, unahitaji nini kutoka kwangu. Kampuni ya Adobe iliacha alama za mwaka mwaka 2012 ikaingia njia ya namna hii, na tangu hapo kila mshauri anaihubiri. Mshauri hakwambii tu kwamba huko hakuna kordo anayekwenda Shabunda wiki mbili bila rezo ya simu.

*Saa.* Watu 12 kwa nusu saa ni saa 6 kwa mwezi, 72 kwa mwaka. Ni mara mbili ya fishi. Zinagawanyika, hazikuvunji mgongo, lakini zinahitaji msimamizi aliyepo. Kama kordo ndiye msimamizi wa wote kumi na wawili, mwezi wa pili atazikosa mbili, wa tatu atazikosa nane, wa nne hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na mpango. Nimeona ikifa hivyo mara mbili.

*Ukweli.* Hapa nitawasimulia. Kulikuwa na mama mmoja mhasibu, mtu wa heshima zake, fishi zake zote safi. Mwezi wa tatu wa maongezi, swali la pili, alinyamaza kidogo, akafunga mlango, akasema: "Baba, ile kulinganisha banki na kitabu, upande wa dola naweza. Ikichanganyika na faranga, taux inabadilika kila mara, mimi inanipotea. Kila mwezi napeleka kwa mtoto wa dada yangu anisaidie nyumbani." Vitabu vya shirika vilikuwa vikitembea kwenye begi mpaka Kadutu kila mwisho wa mwezi, na sisi hatujui. Tungemwuliza kwenye fishi ya Desemba angeandika Kiingereza na kompyuta.

Tulimtafutia mhasibu wa shirika rafiki, wakakaa Jumamosi nne. Basi. Gharama ilikuwa soda na transpo.

Lakini maongezi si dawa yenyewe. Kluger na DeNisi, mwaka 1996, walikusanya matokeo 607 ya tafiti juu ya kumwambia mtu maoni kuhusu kazi yake. Kwa wastani yalisaidia, ila katika zaidi ya theluthi moja kazi ilishuka. Kwa maelezo yao, madhara hutokea maneno yanapotoka kwenye kazi na kumgusa mtu mwenyewe. "Ripoti ya Mei ilikosa risiti tatu za mafuta" ni juu ya kazi. "Wewe mama huna mpangilio" ni juu ya mtu, na ukimwambia hivyo kila mwezi badala ya mara moja kwa mwaka, umemuumiza mara kumi na mbili.

*Karatasi.* Dhaifu, na wengi wanalijua hili siku ya kesi. Maongezi mazuri ya miaka miwili hayaonekani kwenye faili. Dawa yake ni daftari la kurasa mbili kwa kila mtu: tarehe, mambo mawili mliyokubaliana, sahihi mbili. Mistari minne inatosha. Ukiandika zaidi, mtu ataanza kuongea na daftari badala ya kuongea nawe.

*Kukua.* Ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu tatizo linajulikana likiwa bado dogo.

*Inamfaa nani.* Timu ndogo zilizo mahali pamoja, miradi mifupi, watu wapya walio kwenye kipindi cha majaribio, ambacho kwa sheria hakizidi miezi sita (mwezi mmoja kwa kazi zisizohitaji ujuzi maalumu). Haimfai kordo asiyependa kusikiliza. Huyo aendelee na fishi, atadhuru watu wachache zaidi.

Njia ya tatu: maoni ya pande zote

Mtu anapimwa na anayemsimamia, wenzake, walio chini yake, na pengine watu anaowahudumia tereni, kule mradi unakofanyika.

*Saa.* Ni ghali. Watu 12 wakipimwa na watano kila mmoja ni fomu 60. Kwa dakika ishirini ni saa 20. Kuzikusanya na kuziandika upya ili zisitambulike, saa 2 kwa mtu, ni 24. Kikao cha kumpa mtu matokeo, 12. Jumla 56.

*Ukweli.* Kwenye shirika la watu mia, njia hii inaonyesha ambayo chefu haoni: nani anawasaidia wenzake, nani ni mwema mbele ya kordo na mkali kwa wengine. Kwenye asbl ya watu tisa walio nyumba moja, siri ni hadithi. Mmoja tu ndiye anayeandika "toutefois". Mwandiko wa mlinzi unajulikana hata na paka wa uani. Halafu kuna undugu, kanisa, kijiji mtu alikotoka. Fomu moja mbaya inatafutiwa mwenyewe wiki nzima, na mara nyingi anashikwa asiyehusika. Kama huna watu watano wa kumpima mtu mmoja, na mtu wa nje ya kukusanya, mimi nisingeanza.

Upande mmoja tunausahau, nao ndio ningeanza nao: watu wa kijijini. Kina mama wa AVEC (vikundi vya kuweka na kukopeshana) kule Kabare wanajua vizuri kuliko kordo ni mhamasishaji gani anafika saa tatu kama alivyosema na nani anafika saa sita akiwa na haraka ya kurudi. Huhitaji fomu. Tuma mtu asiye wa mradi, akae nao chini ya mti, aulize maswali matatu kwa Mashi au Kiswahili.

Tahadhari, nayo haina mjadala. Tuhuma za unyanyasaji wa kingono au wizi hazingoji tathmini na hazipiti kwenye fomu za maoni. Zina njia yake, ya siri, ya haraka, isiyopitia kwa mtuhumiwa. Tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri ilitoa ripoti yake Septemba 2021, na iliyoyaandika juu ya wafanyakazi wa misaada tuliyasoma sote. Shirika likiwa na fomu nzuri za pande zote lakini halina njia ya malalamiko, lianze na la pili.

*Karatasi.* Usiyatumie kumwachisha mtu. Maoni yasiyo na jina si ushahidi, na watu wakijua yanatumika hivyo, mwaka unaofuata utapata 5 tupu au matusi.

*Kukua.* Kwa wafanyakazi wa chini faida ni ndogo. Kwa wakuu ni kubwa. Kordo mwanzilishi hana chefu. Ana kamati ya uongozi inayokutana mara mbili kwa mwaka na kumpigia makofi. Yeye ndiye anayehitaji kusikia.

*Inamfaa nani.* Wakuu na wasimamizi, katika shirika lenye watu wasiopungua ishirini na kamati ya uongozi iliyo hai.

Formasio iko wapi katika haya yote

Niseme wazi: tathmini isiyo na formasio nyuma yake imeisha siku ya sahihi, na formasio isiyo na tathmini mbele yake ni siku tatu za hoteli kando ya ziwa. Begi, kalamu, perdiem, cheti. Sizidharau, perdiem imelipa karo za watoto wengi mjini hapa, wangu wakiwemo. Lakini anayekwenda mara nyingi ni yule ambaye zamu yake imefika, na akirudi hakuna anayemuuliza ameleta nini kazini.

Fishi huzaa orodha ndefu inayosubiri mfadhili. Maongezi huzaa hitaji moja dogo linaloweza kutatuliwa wiki ijayo, kama la yule mama. Maoni ya pande zote huzaa mahitaji ya tabia: kusikiliza, kugawa kazi, kutopiga kelele. Hayo hayana semina. Yanahitaji mtu mzima wa kumkalisha mkubwa pembeni.

Kwa hitaji dogo kuna njia za bei nafuu ambazo watu wanazipita. Kaya na DisasterReady zina kozi za bure kwenye intaneti, nyingi kwa Kifaransa. Gharama ni mega za intaneti na saa mbili za kazi ambazo chefu amekubali kuziachilia. Kama shirika lako linalipa mchango wa INPP (taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi), nenda tawini hapa mjini uulize wana formasio gani, maana mnalipa na wengi hamchukui. Kubadilishana watu na asbl jirani kwa wiki moja hakuhitaji ruhusa ya yeyote zaidi ya kordo wawili wanaoaminiana. Ninajua hilo la mwisho ndilo gumu.

Ukiwa katika hali hii

*Mko chini ya wanane, nyumba moja.* Maongezi ya kila mwezi na daftari la mistari minne. Mwisho wa kontra, ukurasa mmoja wa muhtasari kwa ajili ya faili.

*Kontra zenu ni za miezi sita hadi kumi.* Achaneni na Desemba. Kaeni na mtu mara mbili kwa maandishi: theluthi ya kwanza ya kontra ikiisha, na mwezi mmoja kabla ya mwisho. Cha kwanza kiwe cha kujifunza tu, kisitaje kama kontra itaongezwa. Cha pili ndicho kiseme.

*Mna matawi Uvira, Kalehe, Walungu, na watu thelathini au zaidi.* Fishi yenye matendo yaliyoelezwa, ili msimamizi wa Uvira na wa Walungu wapime kwa mkono unaofanana. Kabla ya sahihi, waketi pamoja siku moja, kila mmoja aeleze 5 zake na 2 zake mbele ya wenzake. Utashangaa nne ngapi zitabadilika.

*Mfadhili mpya anakuja kukagua mwezi ujao.* Fishi. Usianzishe kitu kipya kwa haraka, na usijaze za nyuma kwa kalamu moja ya siku moja. Wakaguzi wanaijua rangi ya wino.

*Kordo ndiye tatizo, na kila mtu anajua.* Maoni ya pande zote, yakiongozwa na kamati ya uongozi na mtu wa nje, kwa yeye peke yake na wasimamizi wake.

*Mtu mmoja kazi imemshinda.* Hakuna kati ya hizi tatu. Mwandikie mpango wa siku sitini, mambo matatu ya kurekebisha, msaada atakaopewa na nani, tarehe za kukutana, shahidi mmoja. Akiweza, faili inaonyesha. Asipoweza, pia.

*Tayari ni Desemba, fishi ziko mezani na kesho asubuhi watu wanaitwa.* Usijaze alama usiku huu. Chini ya kila kigezo andika tukio moja unalolikumbuka, na tarehe yake: siku gari lilipozama kwenye tope na nani alitembea kutafuta watu wa kusukuma, wiki ripoti ilipochelewa na kwa nini. Penye kigezo kisicho na tukio, acha wazi. Kesho, mtu akiingia, msomee matukio kwanza, mwulize yake uliyoyasahau, halafu mkubaliane namba mkiwa wawili. Kama kuna 4, mtakuwa mnajua ile moja ilikwenda siku gani.